Kuuona Mlango kwa Macho ya Mwizi

Mazungumzo kwa wakazi wa Tawa, Eneo Bunge la Mbooni, kuhusu usalama wa simu, kompyuta na mtandao. Yanachapishwa kwa ajili ya wakazi wote wa Kaunti ya Makueni.



Mtu anayejenga nyumba hununua kufuli kubwa na kuitia kwenye mlango wa mbele. Mwizi akija usiku haishughulikii kufuli hiyo. Huzunguka nyumba. Hutazama dirisha la jikoni, bati lililolegea, na ngazi iliyosahauliwa chini ya mwembe. Mwenye nyumba huiona nyumba yake kutoka ndani, mwizi huiona kutoka nje. Anayetaka kulala salama sharti naye atoke nje, azunguke nyumba yake mwenyewe na ajiulize: kama ningekuwa mwizi, ningepitia wapi?

Usalama wa mtandao hufundishwa hivyo hivyo kote duniani. Wanaolinda benki, hospitali na ofisi za serikali hufundishwa kwanza jinsi mdukuzi anavyofikiri. Anayedukua ili aibe na anayedukua ili azibe ufa hutumia ujuzi ule ule. Kinachowatenganisha ni ruhusa ya mwenye mali, na jambo hilo litarudiwa mwishoni kwa sababu limewapeleka vijana wengine kazini na wengine kizimbani.

Kwa nini jambo hili linaihusu Tawa

M-Pesa ilianza Kenya mnamo Machi 2007. Tangu hapo simu imekuwa mfuko, benki na daftari la deni. Kwenye simu moja kuna pesa za mboga, akiba ya chama, mkopo wa HELB wa kijana aliye chuoni na ujumbe wa mshahara wa mwalimu. Leseni, cheti cha kuzaliwa na pasipoti huombwa kupitia eCitizen. Zamani mwizi wa mali ya mkazi wa Tawa alilazimika kufika Tawa, mbwa wakabweka na majirani wakaamka. Siku hizi anaweza kukaa mji wowote duniani, na hakuna mbwa anayebweka.

Hayo yamekwisha kutokea nchini. Mnamo Januari 2012 tovuti 103 za serikali ya Kenya zilivamiwa na kubadilishwa kurasa zake na mtu wa Indonesia aliyejiita direxer. Hakuhitaji kupanda ndege. Alitafuta nyufa ambazo hazikuwa zimezibwa, akazipata.

Tarehe 27 Julai 2023, wiki chache baada ya serikali kuu kutangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 zimehamia eCitizen, mfumo huo ulishambuliwa. Waliotaka huduma za pasipoti na leseni, kukata tiketi za treni au kununua tokeni za stima walikwama. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na mnamo Oktoba 2024 ndugu wawili raia wa Sudan walishtakiwa Marekani kwa mashambulizi ya kundi hilo katika nchi mbalimbali.

Shambulio hilo halikuwa la kuvunja kufuli. Mtu awazie dirisha moja la ajenti wa M-Pesa siku ya soko. Watu 500 waliotumwa wanapanga foleni, kila mmoja anauliza swali lisilo na maana, kisha anarudi nyuma ya foleni. Ajenti hajaibiwa hata shilingi moja, lakini mama aliyekuja kutoa pesa za dawa hahudumiwi. Mdukuzi hufanya hivyo kwa kutumia maelfu ya kompyuta, zikiwemo za watu wasiojua kwamba vifaa vyao vimetekwa. Kwa hiyo hata kompyuta chakavu ya dukani ina thamani kwake. Asiyekuwa na pesa za kuibiwa ana kifaa cha kutumiwa.

Mdukuzi hujiuliza maswali manne kabla ya kufanya kazi yake. Mkazi akiyajua, atajiuliza yeye kwanza.

Swali la kwanza: Nimjue vipi mtu huyu?

Mdukuzi huanza kwa kusoma, na mengi anayoyasoma yamewekwa wazi na wenyewe. Ukurasa wa Facebook una jina la mama, shule ya msingi na siku ya kuzaliwa. Picha ya hati ya matokeo ya KCSE iliyowekwa kwa furaha ina majina matatu na nambari ya mtihani. Bango la mchango wa hospitali lina jina kamili na simu ya mweka hazina. Kitabu cha wageni langoni kina majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu za wote waliopita tangu asubuhi, na anayefuata husoma ukurasa mzima akiandika jina lake. Daftari la ajenti wa M-Pesa ni vivyo hivyo.

Kila kipande peke yake ni kidogo. Vikikusanywa, mdukuzi anaweza kumpigia simu mtu huyo na kumtajia jina la kitambulisho, nambari yake na kijiji chake, na mtu akaamini kwamba anayezungumza ni afisa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka anayekusanya habari za mtu akusanye zile tu anazozihitaji, na azilinde. Mwenye duka, shule au zahanati anaweza kuanza kwa jambo rahisi: kufunika kurasa zilizojaa, kutoacha daftari juu ya meza, na kutouliza nambari ya kitambulisho pasipo haja. Mkazi naye anaweza kupiga *106# ili aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona laini asiyoijua, aende kwa kampuni ya simu ikafungwe, kwa maana uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utatafutiwa kwake.

Swali la pili: Mlango upi uko wazi?

Kompyuta iliyo kwenye mtandao ina milango yenye nambari, kuanzia 0 hadi 65535. Mlango nambari 80 na 443 hutumika kwa tovuti. Nambari 22 humwezesha fundi kuiendesha seva akiwa mbali. Nambari 445 hutumika ofisini kugawana faili. Mdukuzi ana programu inayobisha mlango mmoja mmoja na kuandika ni upi uliojibu. Iliyo maarufu zaidi, Nmap, ilitolewa mwaka 1997, haiuzwi, na hutumiwa na walinzi sawa na wezi. Fundi wa ofisi anayeielekeza kwenye kompyuta za ofisi yake, kwa idhini ya mkuu wake, huona ofisi jinsi mwizi anavyoiona. Mlango usio na kazi hufungwa.

Mlango ulio na kazi nao hupata ufa. Programu huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Kampuni ikigundua kosa hutoa marekebisho, ambayo simu au kompyuta huyaomba kwa ujumbe unaosumbua: sasisha sasa. Wengi hubonyeza “baadaye”. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya ufa uliohusu mlango nambari 445. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipitia ufa huo na kufunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150, vikidai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwepo, ila haikuwa imepakwa. Ndivyo Waswahili walivyosema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha kuna nywila, ambayo wengi huiita paswadi. PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Mtu akichagua mwaka wake wa kuzaliwa, mdukuzi habaki na 10,000 wa kujaribu. Abaki na mia moja hivi, na kama ameuona uso wa mwenye simu, hazizidi ishirini. Nywila ya herufi nane ndogo ina uwezekano wa takriban bilioni 209. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini mdukuzi aliyeiba faili la nywila zisizohifadhiwa vizuri, akiwa na kompyuta inayojaribu bilioni 10 kwa sekunde, huimaliza kwa sekunde 21. Maneno matano yaliyookotwa bila mpangilio kutoka orodha ya maneno 7,776, kwa kasi ile ile, yangemchukua takriban miaka 90.

Kwa hiyo nywila njema ni ndefu kuliko kuwa ngumu. Maneno kama ndoo, kifaranga, alhamisi, msumari na chungwa yakiwekwa pamoja, mtoto wa shule anaweza kuyakumbuka na kompyuta ikashindwa. Haya yaliyotajwa sasa yasitumiwe tena, kwa kuwa yamechapishwa. Na kila akaunti iwe na nywila yake, kwa sababu mdukuzi akipata moja huenda kuijaribu kwingine kote.

Ruta ya intaneti dukani au shuleni nayo huja na nywila ya kiwandani, mara nyingi neno “admin”. Nywila hizo zimeorodheshwa mtandaoni. Ruta isiyobadilishwa nywila ni sawa na nyumba ambayo ufunguo wake umetundikwa sokoni.

Swali la tatu: Nani atanifungulia?

Hili ndilo swali analolipenda mdukuzi kuliko yote, maana kuvunja ni kazi na kufunguliwa ni bure. Mmarekani Kevin Mitnick, aliyekamatwa mwaka 1995 baada ya kusakwa kwa muda mrefu, aliliambia bunge la Seneti la nchi yake mwaka 2000 kwamba mara nyingi hakuhitaji ufundi wa kompyuta. Alipiga simu, akajifanya mfanyakazi mwenza, akaomba nywila, akapewa. Baada ya kifungo aliajiriwa na makampuni kuyaonyesha nyufa zao hadi alipofariki mwaka 2023.

Tawa simu hiyo huja hivi. Mama anapanga nyanya, simu inalia.

“Mama, habari ya asubuhi? Pole kwa usumbufu. Naongea kutoka huduma kwa wateja. Laini yako inafungwa leo saa sita.”

“Ati inafungwa? Kwa nini, mwanangu?”

“Usajili haujakamilika, mama. Nitakusaidia sasa hivi usihangaike. Kuna nambari imeingia kwa simu yako, nisomee tu.”

Katika maneno hayo machache mna mitego mitatu. Heshima, ili mama asimtilie shaka kijana anayemwita mama. Hofu, kwa kutaja saa sita. Na haraka, ili asipate nafasi ya kumuuliza jirani. Nambari iliyoingia ni ya kuthibitisha kwamba anayefungua akaunti ni mwenyewe. Akiisoma, amemkabidhi mgeni ufunguo kwa mkono wake.

Jibu halihitaji ujuzi wa kompyuta: “Asante mwanangu, nitaenda dukani kwao mwenyewe.” Kisha kukata simu. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee, na hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya simu au benki anayehitaji PIN ya mteja. Ujumbe wa utapeli unaweza kutumwa kwa nambari 333 ya Safaricom bila malipo.

Mtego wa pili ni ujumbe wa pesa zisizokuwepo. Unafanana na wa M-Pesa neno kwa neno, lakini umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu, na dakika moja baadaye mtu anapiga akilia kwamba amekosea nambari na mtoto yuko hospitali, arudishiwe. Kanuni ni moja: tazama salio kabla ya kutazama machozi. Na hata kama pesa zimeingia kweli, aliyekosea hutuma ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 na kampuni huzirudisha. Aliyepokea hana haja ya kutuma kitu.

Mtego wa tatu ni tovuti bandia. Majina yanayoishia na .go.ke hupewa taasisi za serikali ya Kenya peke yake. Tovuti ya kaunti hii ni makueni.go.ke. Mdukuzi hawezi kulipata jina hilo, kwa hiyo hutengeneza linalofanana: huweka “go” na “ke” katikati kwa vistari, kisha analimalizia na .com. Jina la tovuti husomwa kutoka mwisho wake, kabla ya mkwaju wa kwanza. Kama mwisho si .go.ke, hiyo si tovuti ya kaunti hii, hata kama nembo ya kaunti inang’aa juu yake. Tangazo la basari au kazi linalodai ada kwa simu ya mtu binafsi lichukuliwe kuwa utapeli hadi ofisi ya kaunti ithibitishe.

Mtego wa nne hauna mgeni ndani yake. Mwananchi huenda kwenye saiba kujaza fomu za KRA, eCitizen au KUCCPS. Mhudumu humfungulia baruapepe, humchagulia nywila na kuiandika kwenye daftari la duka ili “asisahau”. Mhudumu anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini daftari hilo ni hazina ya mji mzima, na litaibwa siku moja pamoja na kompyuta. Aliyehudumiwa na aondoke na nywila yake kwenye karatasi yake, aibadilishe akifika nyumbani, na ahakikishe akaunti imefungwa kabla ya kuinuka kitini. Nyumbani nako, nyanya asiyeona vizuri akimpa mjukuu simu na PIN ili amtolee pesa, na asimame karibu mpaka ujumbe uingie. Wajukuu wengi ni wema. PIN haimjui mwema.

Swali la nne: Nikiingia, nitajulikana lini?

Mdukuzi hodari haharibu siku anapoingia. Hukaa kimya, husoma, hutafuta nani anaidhinisha malipo na siku gani mishahara hutoka. Anachohesabu ni siku atakazokaa kabla ya kugunduliwa. Mlinzi basi hatosheki na kufunga milango. Hukagua pia nyayo.

Kwa mtu binafsi, nyayo ni hizi: simu imepoteza mtandao ghafla huku za majirani zikifanya kazi, kumbe laini imehamishiwa kadi nyingine, ujumbe wa nambari ya uthibitisho ambayo hakuiomba, taarifa kwamba akaunti imefunguliwa kwenye kifaa asichokijua. Simu ikipoteza mtandao kwa namna hiyo, kutumia simu ya jirani kupiga kwa kampuni saa hiyo hiyo kunaweza kuokoa akiba yote. Kungoja kesho kumewagharimu wengi.

Kwa ofisi, shule na vituo vya afya, nyayo hukaa kwenye kumbukumbu za mfumo: nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi. Kumbukumbu zisizosomwa ni kama mlinzi aliyelala. Akaunti ya mfanyakazi aliyehamishwa au kustaafu ifungwe siku anayokabidhi funguo za ofisi. Nywila moja isitumiwe na watu sita, kwa kuwa siku pesa zitakapopotea hakuna atakayejua ni nani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mfumo usiojua nani ni nani hauwezi kukitoa.

Na kuna swali ambalo mdukuzi wa fidia hulitegemea: je, wana nakala? Akizifunga faili za wagonjwa au hesabu za SACCO, asiye na nakala atalipa au atapoteza. Kanuni ya mafundi ni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo na isiunganishwe na mtandao. Kisha, mara kwa mara, nakala ifunguliwe kuona kama inasomeka. Wengi hugundua kwamba nakala imeoza siku ile wanayoihitaji.

Kijana anayetaka kujifunza

Baadhi ya vijana wanaosikiliza tayari wanajua zaidi ya yaliyosemwa. Wapo waliojaribu kuingia waifai ya jirani “kuona tu kama itawezekana”. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 14, haina nafasi ya “kuona tu”. Kuvunja ulinzi wa mfumo kwa kukusudia kuingia bila idhini ni kosa, hata kama hakuna kilichoibwa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kijana na amtazame Marcus Hutchins, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 22 WannaCry ilipozuka. Aliposoma virusi hivyo aligundua kwamba, kabla ya kushambulia, viliuliza kama tovuti fulani ipo. Haikuwepo. Akalisajili jina hilo kwa dola kumi na kitu, na virusi vikaacha kusambaa. Dunia ilimsifu. Miezi mitatu baadaye alikamatwa Marekani, kwa sababu akiwa kijana mdogo alikuwa ameandika programu ya kuiba nywila za benki. Alikiri makosa mwaka 2019. Jaji alizingatia wema wake na kuhesabu muda aliokwisha kukaa kizuizini kuwa ndio kifungo, pamoja na mwaka mmoja wa kuwa chini ya uangalizi. Kichwa ni kile kile, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni alichokifanyia kazi, na lililo baya lilimfuata hadi siku ya sifa zake.

Njia ya halali ipo, nayo haina gharama kubwa. Kompyuta mbili kuukuu na ruta isiyounganishwa na intaneti zinatosha kuwa uwanja wa mazoezi. Kuna programu zilizotengenezwa kwa makusudi zikiwa na nyufa ili wanafunzi wazivunje, kama vile OWASP Juice Shop na DVWA. Kali Linux, mfumo uliojaa zana za kazi hii, hupakuliwa bila malipo. Wireshark huonyesha kinachopita kwenye waya. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani huendesha picoCTF, mashindano ya wanafunzi yaliyoanza mwaka 2013, na mafumbo yake yako wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kabla ya hayo yote, ajifunze mtandao unavyofanya kazi na aandike programu ndogo zake mwenyewe, kwa maana hawezi kuvunja asichokielewa.

Akiona ufa kwenye mfumo wa shule, duka au ofisi ya umma, asiingie kuthibitisha. Aandike alichokiona, tarehe na saa, amwambie mwenye mfumo, na asimwonyeshe mtu mwingine. Akitakiwa kupima, aombe ruhusa kwa maandishi inayosema apime nini, lini na aishie wapi. Karatasi hiyo moja ndiyo tofauti kati ya fundi na mshtakiwa.

Kama jambo limekwisha kutokea

Anayeibiwa huona haya, na haya ni rafiki wa mwizi. Hatua za kwanza ni kupigia kampuni ya simu au benki izuie akaunti, kubadilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine, na kutofuta ujumbe wowote, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Kisha ripoti iandikishwe kituo cha polisi na nambari ya OB ichukuliwe. Wapelelezi wa DCI huanzia hapo. Mashambulizi ya mifumo huripotiwa pia kwa KE-CIRT/CC, kitengo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Taasisi iliyopoteza habari za watu kwa namna inayoweza kuwadhuru ina saa 72 tangu ijue ili kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Zoezi la wiki hii

Ukambani watu wamezoea mwethya: kukutana na kufanya kazi ya pamoja ambayo mtu mmoja haiwezi. Matuta yamechimbwa na mabwawa ya mchanga yakajengwa hivyo. Kazi hii nayo inafaa mwethya. Kila chama, kamati ya shule, duka au ofisi iteue mtu mmoja awe mwizi kwa saa moja, kwa idhini ya wote iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Asiguse simu wala kompyuta ya mtu. Akae na karatasi tu, ayajibu maswali manne: ningejua nini juu ya kundi hili, mlango upi uko wazi, nani angenifungulia, na ningejulikana lini?

Kisha awasomee wenzake alichoandika. Chama kitagundua kwamba mweka hazina peke yake ndiye anayejua PIN, au kwamba watu wanne wanaijua. Shule itagundua kwamba nywila ya ruta imeandikwa ukutani. Zahanati itagundua kwamba nakala ya mwisho ni ya mwaka jana. Mambo hayo yazibwe moja moja, la rahisi likianza, na mwezi ujao mtu mwingine apewe zamu ya kuwa mwizi.